Vikombe Mia Mbili na Kumi na Viwili vya Ndorwe

Kwa mujibu wa mashine, kata nzima ya Ndorwe ilikuwa na mwanamume mmoja tu mwenye ugonjwa. Wengine wote, mia mbili na kumi na mmoja, walikuwa safi, tena safi wa kutia shaka. Naelijwa Mchome aliyaangalia tena majibu yao ya mwezi wa tatu yakipanda kwenye kioo cha Msomaji, ile mashine kubwa ya maabara, akasonya. Kisha akasonya tena, maana msonyo wa kwanza haukumtosha.

"Malaika hao," alisema peke yake. "Wamekosa mabawa tu."

Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika maabara ya Taasisi ya Walinzi, na kwa muda huo alikuwa ameshachungulia ute, usaha na mikojo ya watu wa milima yote ya Upare. Alishawaona waheshimiwa wenye tai wakileta kisonono cha kutosha kijiji kizima, na alishawaona walevi wa kulala mtaroni wasio na doa. Kwa hiyo usafi wa mtu haukuwa unamshangaza, wala uchafu wake. Kilichomuudhi ni hesabu. Wake wa malaika hao walikuwa upande wa pili wa kioo, na tisini na wanne kati yao walikuwa wamegeuka bluu.

Mtu aligonga kidirisha cha kupokelea sampuli. Alikuwa Zaina Kibacha, mshonaji wa sare za shule kutoka Ndorwe, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mnene kidogo, mwenye macho ya mtu aliyeshinda akilia kisha akanawa uso ili asionekane. Alisukuma kikombe chake ndani. Mkojo ulikuwa wa bluu, bluu ile ya kufulia mashati meupe.

"Shikamoo, dada Naelijwa."

"Marahaba. Ya ngapi hii?"

"Ya tatu."

Naelijwa alichovya karatasi, akaisubiri, akaiona ikichora mistari miwili. Klamidia, tena ileile ya mara ya kwanza na ya pili. Miezi miwili tu iliyopita alikuwa amempa dawa kwa mkono wake mwenyewe, na akamwona akipona.

"Mumeo Kibacha alirudi lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Alikuwa tambarare, kwenye masoko ya tangawizi." Zaina alimeza mate. "Lakini cheti chake kinasema ni mzima, dada. Amekibandika ukutani, sebuleni, karibu na picha ya harusi. Kila mgeni akija anamsomea. Sasa kama yeye ni mzima, mimi nimeutoa wapi? Wifi zangu wananiuliza. Mama yangu mzazi ananiuliza! Nami sijatoka nje ya ndoa hata siku moja. Nikuapie kwa kitu gani?"

"Usiniapie. Viapo vinanitosha."

"Baraza linakaa Alhamisi. Wananifunga, dada. Miaka mitano! Nikifunguliwa nitakuwa na arobaini na mitatu. Hapo nitazaa nini mimi, upepo?"

Naelijwa aliandika namba kwenye kikombe kwa nguvu hadi kalamu ikakwaruza. Walinzi wenyewe hakuwa na ugomvi nao. Walikuwa bakteria wadogo wa asidi, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa, ambao tangu zamani huishi ukeni na kuufanya uwe na uchachu ili maradhi yasipate pa kukaa. Wataalamu waliwachukua wakawafundisha kunusa. Kila msichana aliwekewa akifika miaka kumi na minane, na siku klamidia, kisonono au virusi vya papiloma vikiingia, Walinzi walimwaga rangi, naye akajijua kwenye haja ndogo ya asubuhi. Alitibiwa mapema, kabla mirija ya uzazi haijaziba na kabla shingo ya kizazi haijaota saratani. Katika miaka kumi Naelijwa hakuwa ameona tena mama wa watoto wadogo akioza akiwa hai.

Ila wakubwa wakipewa kitu kizuri hawatulii mpaka wakitie ujinga wao. Wakatunga Sheria ya Milango. Mwanamke akigeuka bluu mara tatu ndani ya miaka miwili anaitwa msambazaji, na Walinzi wake wanapewa amri kwa kidonge wajenge ute mzito kwenye shingo ya kizazi. Mbegu haipiti, mtoto hapatikani kwa miaka mitano. Huko ndiko kufungwa mlango. Na mwanamume? Mwanamume, walisema, hana pa kuwaweka Walinzi. Yeye alete kikombe kimoja cha mkojo kwa mwaka, tena akikojolee nyumbani kwake, kwa sababu ati mtu mzima mwenye familia hawezi kupanga foleni hospitalini ameshika kikombe watu wanamwona.

"Nenda nyumbani," Naelijwa alimwambia Zaina. "Kidonge cha mtu yeyote usimeze. Nitakuja Alhamisi."

*

Jioni ile hakutafuta ugonjwa. Aliutafuta uzima. Katika kila mkojo huwa kuna vijidudu wasio na madhara, ambao watu wa maabara huwaita wapangaji, na wapangaji wa mtu mmoja huwa na vialama vyao, tofauti kidogo na vya jirani. Aliwapanga wapangaji wa wanaume wa Ndorwe kwenye kioo, mstari chini ya mstari. Vialama vilikuwa vilevile. Vikombe mia mbili na kumi na kimoja, vilevile. Kikombe namba mia na arobaini peke yake ndicho kilichokuwa na wapangaji wengine, na hicho ndicho kilichokuwa cha yule mgonjwa mmoja.

Asubuhi alipanda kwa Profesa Herieli Mgonja, mkurugenzi wa Taasisi na mzaliwa wa Ndorwe. Ukutani kwake kulikuwa na picha kubwa ya siku ya uzinduzi wa vikombe vya wanaume. Ndani ya picha Profesa alikuwa ameinua kikombe cha mkojo namba moja, anatabasamu kama aliyetwaa kombe la mpira. Alikuwa ametoa wa kwanza, alipenda kusema, ili kuwaonyesha wanakijiji wenzake njia.

"Mto mmoja, Naelijwa," alisema Profesa baada ya kusikiliza nusu ya maelezo. "Watu wanakunywa mto mmoja, wanakula shamba moja. Vijidudu vyao vitaachaje kufanana?"

"Mbazi fundi viatu naye anakunywa mto huohuo. Vya kwake havifanani."

"Mbazi!" Profesa alicheka hadi kiti kikalia. "Unaniletea Mbazi?"

Kata nzima ya Ndorwe ilijua kuwa yule mgonjwa mmoja ni Mbazi, kwa sababu alipoitwa kuja kuchukua dawa alikuja mchana kweupe, na mkewe, wameshikana mikono. Na Naelijwa naye alicheka, kidogo, kwa puani. Alicheka kwa sababu Mbazi alikuwa wa kuchekwa, na ilikuwa imeshazoeleka.

"Ripoti inakwenda wizarani Ijumaa," Profesa aliendelea, akipapasa jalada. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa herufi nene: *Uadilifu wa Mwanamume kama Kinga ya Jamii*. Naelijwa alilisoma jina hilo mara mbili. "Ndorwe itakuwa kata ya mfano. Umenielewa? Hao wanawake watatafuta wenyewe walikoyatoa."

"Mto unaweza kufananisha vijidudu, Profesa. Damu haiwezi. Nikisoma pumba nitajua kama hawa ni watu mia mbili au ni mtu mmoja."

Tabasamu la Profesa likaisha. "Wewe? Wewe ndiye wa kusema hivyo?"

Alikuwa amempata. Kila kikombe kina chembe za mwenyewe ndani yake, mwili wake, ukoo wake, baba yake wa kweli. Msomaji huzipepeta na kuzitupa kabla ya kusoma vijidudu, ndiyo maana wataalamu wakaziita pumba. Na kila anayeajiriwa maabara huapa kwa maandishi kuwa hatasoma pumba za mtu bila ruhusa ya mtu huyo. Naelijwa ndiye aliyekuwa akiwaapisha. Miaka mitano nyuma mtaalamu wake mmoja, Penueli, alizisoma pumba za kaka yake na za mtoto wa kaka yake, akasema alichokiona. Mtoto wa miaka sita akarudishwa kwa bibi yake mzaa mama kama sufuria iliyoazimwa. Naelijwa alimfukuza Penueli siku ileile, na alipolia akamwambia alie nje, ofisi ina kazi.

"Nenda kapepete, mama," alisema Profesa, akifungua jalada lake. "Pumba ziache jalalani."

*

Jumatano saa tatu alikuwa Ndorwe. Hakuwa na mpango, alikuwa na hasira tu. Alianza kuuliza kwa wanawake kisimani nani katika kata hii anajulikana kwa afya njema, na wote walimwonyesha nyumba moja, ya Mzee Elinaja, mzee wa kanisa la Wasabato, mjane wa miaka sabini na tisa, asiyekunywa pombe, chai wala kahawa tangu azaliwe. Alimkuta bustanini, ameinama juu ya kabichi kubwa kuliko kichwa cha mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umefuata mkojo?"

Naelijwa alisimama kama aliyekanyaga moto. "Mkojo gani, mzee?"

"Si huu wa kabichi." Mzee alinyoosha mgongo kwa furaha ya mtu aliyepata wa kuzungumza naye. "Vijana wa siku hizi wamebadilika, acha mchezo. Mwezi wa tatu walijaa hapa kila asubuhi, kila mmoja na kichupa chake. Vidukari vinawamalizia bustani. Wakaambizana kuwa mkojo wa mtu asiyekunywa pombe unaua vidukari kuliko wa mlevi. Na ni kweli, tazama kabichi zangu! Basi nikawakojolea. Siku nne, mwanangu, nakunywa maji nakojoa, nakunywa maji nakojoa, mpaka kiuno kikaniuma."

"Na kabichi zao umewahi kuziona?"

Mzee alifikiri. "Kwa kweli sijaziona. Ila walishukuru sana."

Lo! Naelijwa alijishika mdomo. Alitaka kucheka, alitaka kumpiga mtu, na aliona aibu kwa niaba ya mzee yule aliyejitesa kiuno kwa ajili ya wahuni wenye ndevu. Wanaume wazima! Waume za watu, wajumbe, walimu wa shule, wamepanga foleni alfajiri kuomba mkojo wa mjane, kisha wakarudi kuwanyooshea wake zao vidole. Uongo wenyewe hata ujuzi hauna. Hata kuchanganya na maji hawakufikiria.

Alimweleza mzee yote, polepole. Mzee Elinaja alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza, akiizungusha kofia mkononi.

"Kwa hiyo wale akina mama..." alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nifanye nini?"

"Nataka ruhusa yako nisome mkojo wako mpaka pumba zake. Na kesho uje barazani."

"Soma, mwanangu. Mimi sina nililolificha." Akatia saini kwa herufi za shule ya zamani, zilizosimama wima. "Ila ukiona humo siku yangu ya kufa, usiniambie."

Akirudi maabara alipita kibandani kwa Mbazi. Mtu alikuwa ameandika BLUU kwa mkaa kwenye ubao wa mlango, na Mbazi hakuwa amefuta, au alishafuta wakarudia. Alikuwa amebana kiatu cha mtoto kati ya magoti, uzi mdomoni. Alimwona, akautoa uzi, akainuka nusu.

"Shikamoo, dokta. Karibu."

"Mm," alisema Naelijwa, na hakupunguza mwendo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewafundisha watu kuwa magonjwa haya hayaambukizi kwa salamu. Alipita upande wa pili wa njia.

*

Mabaki ya vikombe yalikuwa kwenye friza, yote katika trei moja, maana Msomaji husoma trei nzima kwa mkupuo. Saa nane mchana Naelijwa aliiweka trei mbele yake, akafunga mlango wa maabara, akakaa.

Alikuwa na ruhusa ya mtu mmoja. Kama mzee amekosea, kama hata kikombe kimoja ni cha mwenyewe, basi atakuwa ameingia mwilini mwa mtu bila hodi, jambo lilelile lililomfukuzisha Penueli. Na akiacha, kesho Zaina atapewa kidonge, Kibacha atakwenda zake tambarare na kurudi na klamidia yake ileile, na cheti kitabaki ukutani karibu na picha ya harusi. Alijaribu kufikiri kama mtu mwenye akili. Alimfikiria yule mtoto wa miaka sita na kifurushi chake cha nguo. Halafu akamfikiria Zaina akisema atazaa upepo. Kiapo kilitungwa kuwalinda wanyonge. Leo kilikuwa kinawafunika wezi wa mkojo.

Ila kulikuwa na kikombe namba mia na arobaini. Kilikuwa na alama nyekundu, kilionekana wazi. Hicho hakikuwa cha mzee, alilijua hilo tangu juzi. Angeweza kukichomoa. Mkono wake ulifika hadi pale, ukakigusa. Lakini Profesa angesema trei imechezewa, imepunguzwa, na ripoti yake ingepita. Basi angeweza kurudi Ndorwe, mwendo wa saa moja, akaomba ruhusa ya pili.

"Aa, ni Mbazi tu," alijisemea.

Akaisukuma trei ndani, akabonyeza.

*

Baraza la Milango lilikaa Alhamisi saa nne katika ukumbi wa kata, na ukumbi ulijaa. Wanaume wa Ndorwe walikuwa wamekuja kwa wingi, wameoga, wamenyoa, wamekaa mkao wa watu waliokuja kutazama aibu ya mwingine. Kibacha alikuwa mstari wa mbele, kanzu nyeupe, marashi ya kuumiza kichwa, cheti chake ndani ya fremu juu ya mapaja. Alikuwa amekiondoa ukutani akaja nacho! Zaina alikuwa amesimama mbele peke yake. Juu ya meza ya mwenyekiti kulikuwa na glasi ya maji na kidonge kimoja, cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

Mwenyekiti, Mama Nakiete Mshana, alikuwa hakimu mstaafu, mama mkavu asiyependa maneno mengi. "Nani ana la kusema kabla hatujafunga?"

Naelijwa alisimama. Alisema vikombe mia mbili na kumi na kimoja vya wanaume wa Ndorwe vina mkojo wa mtu mmoja, na kwamba cheti cha Kibacha ni cha mtu mwingine, na kwamba mwanamke huyu anatibiwa kila mara kisha anaambukizwa upya ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Kila akirudiwa, mirija yake inapata kovu," alisema. "Mkimfunga ama msimfunge, huyu bwana atamfunga tu."

Profesa Mgonja alikuwa ameshasimama, kidole juu. "Amejuaje? Mwenyekiti, muulize amejuaje! Amesoma pumba! Amesoma miili ya wanaume mia mbili na kumi na wawili bila ruhusa! Leseni yake ifutwe hapahapa, na hayo majibu yake yachomwe moto."

Ukumbi ulinguruma. Wanaume walianza kupiga kelele za watu walioibiwa.

"Ni kweli?" aliuliza Mama Mshana.

"Mheshimiwa, nimemsoma mwanamume mmoja mara mia mbili na kumi na moja. Ruhusa yake hii hapa, na mwenyewe yule pale." Mzee Elinaja, kwenye benchi la pembeni, aliinua kofia. "Kama kuna anayesema nimemsoma yeye, asimame. Aseme tu kuwa kikombe alichokileta kilikuwa na mkojo wake. Choo kipo nyuma ya ukumbi, tutalinganisha saa hii."

Kelele zilikatika. Naelijwa aliwatazama mmoja mmoja, polepole, na kwa raha. Mwalimu mkuu alikuwa anachunguza viatu vyake. Mjumbe wa shina alipata kikohozi. Kibacha aliigeuza fremu, kioo chini. Majogoo yote yale yamenywea, hakuna hata mmoja wa kudai mkojo wake!

"Profesa," alisema Mama Mshana, "wewe umeshasimama. Kikombe namba moja kilikuwa chako?"

Profesa alifungua mdomo. Mzee Elinaja alikuwa amekunja uso akimtazama vizuri, kwa miwani na bila miwani.

"Huyu namkumbuka," mzee alisema. "Huyu alikuja na gari. Aliniambia ana nyanya."

Mwanamke mmoja nyuma aliangua kicheko, kisha wa pili, kisha ukumbi wote upande wa kina mama ukawa unalia kwa kucheka, wanajifuta machozi na khanga. Profesa alikaa. Alikaa taratibu, akitafuta kiti kwa mkono.

Mama Mshana alichukua kidonge mezani, akakidondosha ndani ya glasi, akaikabidhi kwa karani akaimwage. "Mlango wa mama huyu haufungwi. Wala wa mwingine yeyote wa kata hii. Karani, leta vikombe vipya. Kila mwanamume aliyemo humu atakwenda chooni na shahidi mlangoni, akianza Profesa."

Zaina hakusubiri karani. Alichukua kikombe kwenye boksi, akaandika jina la mumewe ubavuni, akaenda akamwekea juu ya fremu yake.

"Nenda," alimwambia. "Nakusubiri hapohapo nje. Na ukirudi nacho, nakwenda kwa mama yangu."

Naelijwa alikuwa anakusanya karatasi zake. Moyo ulikuwa mwepesi, na kusema kweli alikuwa anajisikia mkubwa kuliko wote mle ndani.

"Bibi Mchome," aliita Mama Mshana. "Umesema mia mbili na kumi na kimoja. Vikombe vilikuwa mia mbili na kumi na viwili."

Kabla Naelijwa hajajibu, kule nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu alisimama. Alikuwa amevaa aproni ya ngozi yenye madoa ya gundi.

"Hicho kimoja ni changu," alisema Mbazi. "Niliambiwa nilete mkojo wangu, nikaleta wangu. Mke wangu alikuwa anaumwa, nilitaka kujua kama ni mimi. Ikawa ni mimi. Tukanywa dawa wote wawili, na hajageuka bluu tena." Aliwatazama wanaume wenzake, lakini si kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Naelijwa. "Wao walinicheka, sawa, ndiyo walivyo. Lakini wewe dokta jana ulitoka kwa mzee na karatasi yako, ukapita kwangu. Nilikuamkia. Ungesimama ungeniomba, mimi ningekupa."

Hakuna aliyecheka. Profesa aliinua kichwa kwa matumaini, kisha akaona macho ya wanawake, akakiinamisha.

"Dada, mwombe msamaha tu yaishe," mama mmoja alinong'ona.

Naelijwa alivua kitambulisho cha leseni shingoni. Uzi wake ulinasa kwenye nywele, ikabidi auvute mara mbili mbele ya watu wote. "Penueli alisoma wawili bila ruhusa, nikamfukuza," alimwambia mwenyekiti. "Mimi nimesoma mmoja. Hata mmoja anatosha." Akakiweka mezani, pale palipokuwa na glasi, na Mama Mshana akakiacha palepale bila kumbembeleza.

Nje foleni ya vikombe ilikuwa imeshafika kwenye uzio. Alipita kando yake bila kuitazama, akateremka hadi kibandani. Palikuwa hapana mtu. Alitafuta kitambaa, akapata cha kung'arishia viatu, akalowesha kwenye ndoo, akasugua ubao wa mlango mpaka mkaa ukaisha na vidole vyake vikawa vyeusi. Kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja, juani, akangoja.

Mbazi alipotokea kwenye kona, Naelijwa aliinuka kabla hajafika, akavuka njia kumfuata.

"Habari za kazi, fundi," alisema.